MSIBA WA PANDE MBILI: WAZAZI WALIOFIWA NA NJIA YA KUPATANA

Katika nchi yetu ya Kinango, tangu Ndavaya na Puma hata Samburu na Mackinnon Road, hakuna jambo lipimalo ujirani kama hanga. Mtu akifa, habari huenea vijijini kabla jua halijatua, na watu huanza kuja. Huyu huleta mahindi, yule huleta kuni, wanawake huteka maji, na wazee huketi chini ya mti kumsikiliza aliyefiwa hata amalize yote yaliyo moyoni mwake. Hapo haulizwi mtu dini yake wala ukoo wake. Aulizwaye ni yule asiyefika, na jina lake hukumbukwa kwa miaka mingi, kwa maana kukosa kufika kwenye hanga bila udhuru ni kama kutangaza kwamba ujirani umekwisha.

Lakini yako mauti yanayoipasua desturi hii katikati. Ni mauti ya mtu aliyeuawa na watu wa upande wa pili, wakati makabila yanapogombana, au wakati raia na askari wanapowindana. Hapo matanga huwa mawili. Upande huu hulia peke yao, na upande ule hulia peke yao, na kila upande hudhani kwamba ni wao tu wenye haki ya kulia. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wala hawakutaja mzazi wa kabila gani.

Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za wazazi waliofiwa ambao walivuka mpaka huo wakaenda kuketi na wazazi wa upande wa pili. Habari zenyewe zimetoka Uganda na nchi za mbali, lakini jambo lenyewe latuhusu sisi watu wa Kwale hasa, kwani sisi pia tuna makaburi ya pande mbili.

USIKU WA LIKONI

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu wenye silaha lilikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa. Waliwaua askari sita, wakachukua bunduki, kisha wakawageukia raia waliotoka bara: Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na wengineo. Nyumba na vibanda vya biashara vilitiwa moto. Katika siku na majuma yaliyofuata mashambulizi yalienea sehemu za Kwale zilizo karibu na bahari, hata Diani. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na watu wapatao 100,000 walikimbia makwao. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, nao uchaguzi ulifanyika Desemba ile ile, hali maelfu ya wapiga kura wa bara wamekwisha kutawanyika.

Habari hazikuishia hapo. Polisi na askari wengine walipoletwa kuwasaka washambuliaji, vijana wengi wa Kidigo walikamatwa. Mashirika ya kutetea haki za watu yameandika kwamba wengi walipigwa na kuteswa, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Wanaume walihama nyumba zao wakalala maporini.

Basi, ndugu msomaji, hebu wahesabu wazazi. Wako wazazi wa askari waliouawa wakiwa kazini. Wako wazazi huko Nyanza na Ukambani waliopokea maiti ya kijana aliyeshuka pwani kutafuta riziki. Wako wazazi wa pwani ambao wana wao waliapishwa msituni wasirudi tena, au walirudi na mwili ulioharibika. Mashambulizi makubwa yalikuwa upande wa bahari, lakini Kinango nasi tumo katika hesabu hii. Mji wetu una walimu, wauguzi, makarani na wachuuzi waliotoka bara, na vijana wetu huenda kutafuta kazi Likoni, Ukunda na Mombasa. Neno la chuki likisemwa kandokando ya barabara ya Likoni, halichukui siku mbili kufika sokoni Kinango.

Miaka ya baadaye lilikuja jeraha jingine. Baadhi ya vijana wa Kwale waliingizwa katika kundi la Al-Shabaab la Somalia. Wazee wa vijiji waliodhaniwa kuwapa serikali habari waliuawa. Vijana walioshukiwa nao walipigwa risasi, au walichukuliwa wasionekane tena, na mwaka 2016 shirika la HAKI Africa la Mombasa lilitoa ripoti juu ya mauaji na kupotea kwa watu katika pwani. Katika jeraha hili hata kabila halitofautiani. Yaweza kuwa mjane wa mzee aliyeuawa na mama wa kijana aliyepotea wanateka maji katika kisima kimoja, na kila mmoja anangoja mwenzake aondoke ndipo asogee.

TUME HUSIKILIZA, LAKINI HAIKETISHI WATU PAMOJA

Serikali haikukaa kimya kabisa. Julai 1998 iliundwa tume ya majaji watatu, Akilano Akiwumi, Samuel Bosire na Sarah Ondeyo, kuchunguza mapigano ya kikabila yaliyotokea nchini tangu mwaka 1991, pamoja na hayo ya Likoni. Tume ilimaliza kazi yake mwaka 1999, lakini watu hawakupewa kuisoma ripoti yake mpaka mwaka 2002. Baadaye tume nyingine, ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ilizunguka nchi kusikiliza mashahidi, ikatoa ripoti yake tarehe 21 Mei 2013. Hata hivyo hakuna kiongozi mkubwa aliyehukumiwa kwa kuyachochea mambo ya mwaka 1997.

Kazi ya tume ni kuandika yaliyotokea, na kazi hiyo ni ya lazima, kwani bila maandishi kila upande hutunga hadithi yake. Lakini tume haimchukui mama wa askari ikamketisha karibu na mama wa kijana wa msituni. Shahidi hutoa ushahidi wake, karani huuandika, kisha shahidi hurudi kwake na uchungu ule ule aliokuja nao.

Wako wasemao kwamba dawa ni kunyamaza. Husema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hii ni ya kweli, lakini mara nyingi hutumiwa kuwafunga mdomo waliofiwa, na wanaopenda kuitumia hivyo ni wale ambao hawakufiwa. Wanasahau neno kuganga. Mganga hawezi kulitibu jeraha asilolitazama. Kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huonekana kimepona kwa nje, na huku ndani chatunga usaha mpaka siku kitakapopasuka. Kwetu siku ya kupasuka mara nyingi imekuwa karibu na uchaguzi.

MAMA WA LIRA

Sasa tutazame Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa Joseph Kony, waliojiita jeshi la Bwana, walivamia shule ya wasichana ya St. Mary's huko Aboke, kaskazini mwa nchi, wakawachukua wasichana 139. Mtawa Mwitaliano, Sista Rachele Fassera, aliyekuwa naibu wa mkuu wa shule, aliwafuata waasi kwa miguu porini pamoja na mwalimu mmoja wa shule hiyo. Akawasihi mpaka wakamwachia wasichana 109. Wasichana 30 walibaki mikononi mwa waasi, na mmoja wao alikuwa binti wa miaka 14 wa Bi Angelina Atyam, mkunga wa mji wa Lira.

Wazazi wa wasichana wale walianza kukutana ili kusali na kushauriana, wakaunda chama cha wazazi wa watoto waliotekwa. Bi Atyam ameeleza kwamba siku moja walikuwa wakisali ile sala ya Bwana ambayo kila Mkristo aijua kwa moyo. Walipofika penye maneno ya kuomba kusamehewa kama wao wanavyowasamehe waliowakosea, sauti zikakatika. Hawakuweza kuendelea, kwa sababu waliona kwamba wanasema mbele ya Mungu neno ambalo hawalitendi.

Tangu hapo Bi Atyam alianza kusema hadharani kwamba anawasamehe waasi, na pia kwamba watoto wote warudishwe. Wengine walimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Sauti yake ilipokuwa kubwa hata kusikika nje ya Uganda, waasi walimpelekea habari kwamba binti yake atarudishwa iwapo yeye atanyamaza. Ndugu msomaji, jiulize wewe ungejibu nini. Yeye alijibu kwamba watoto wote wale ni watoto wake, na kwamba hawezi kumpokea mmoja na kuwaacha wengine. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu.

Lakini jambo kubwa zaidi alilifanya bila kamera wala tuzo. Alimtafuta mama mzazi wa yule kamanda wa waasi aliyekuwa akimshikilia binti yake, akaenda kwake. Alimwambia kwamba amemsamehe mwanawe, na jamaa yake, na ukoo wake. Wakalia pamoja. Na baadaye, kamanda yule alipouawa vitani, Bi Atyam alikwenda tena kumlilia pamoja na mama yake.

Hilo la pili ndilo zito kupita yote. Kuomba amani wakati mwanao yungali mikononi mwa adui, mtu aweza kusema ni ujanja wa kumwokoa. Lakini kwenda kuomboleza aliyekutesa, wakati hana tena la kukupa wala la kukunyang'anya, huko si ujanja. Bi Atyam aliona kwamba mama yule naye alikuwa amempoteza mwana mara mbili, kwanza alipoingia msituni, na tena alipokufa. Na katika vita vile watoto zaidi ya 20,000 walitekwa, na wengi wakalazimishwa kushika bunduki, hata mpaka kati ya aliyedhulumiwa na mdhalimu ukawa vigumu kuonekana.

Binti wa Bi Atyam alirudi mwaka 2004, baada ya karibu miaka minane, akiwa na watoto aliowazaa utumwani. Si wasichana wote 30 waliorudi hai.

KIKOMBE KICHUNGU NA DESTURI ZETU

Jirani wa watu wa Lira ni Waacholi, nao wana desturi ya zamani iitwayo mato oput, maana yake kunywa mzizi mchungu wa mti wa oput. Mtu wa ukoo mmoja akimwua mtu wa ukoo mwingine, koo hizo mbili haziruhusiwi kula pamoja, wala kunywa pamoja, wala kuoana. Wazee huwa wapatanishi, na mashauri huweza kuchukua muda mrefu sana. Yapasa kwanza wahusika wakiri kosa. Kisha yapasa ukoo ule ulipe fidia. Hayo yakiisha, ndipo hukutanishwa, wakainama watu wawili, mmoja wa kila ukoo, mikono nyuma, wakanywa uchungu ule katika kibuyu kimoja.

Zingatia mpango wa mambo. Kikombe huja mwisho. Hakuna anayeitwa anywe kabla ukweli haujasemwa na fidia haijalipwa. Mara nyingi sisi wa siku hizi hupenda kuanza na kikombe: viongozi hupeana mikono mbele ya wapiga picha, ng'ombe huchinjwa, hotuba husomwa, na waliofiwa huambiwa wapige makofi.

Wamijikenda nao hawakukosa njia. Wazee wetu walikuwa na fidia ya damu iitwayo kore, na walikuwa na kaya, misitu ile mitakatifu ambayo wazee waliitumia kwa matambiko na mashauri mazito. Waduruma tuna Kaya Mtswakara na Kaya Gandini. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Yatupasa kukumbuka kwa huzuni kwamba mwaka 1997 vijana waliapishwa katika msitu wa Kaya Bombo ili wakawatoe jirani zao kwa damu. Mahali pa kusafishia palitumiwa kuchafulia. Lakini msitu haukutenda kosa. Waliotenda ni watu. Tena desturi iliyoweza kuwafunga vijana kwa kiapo cha vita haishindwi kuwafungua, iwapo wazee watakubali kuitumia kwa kazi yake ya asili.

WAZAZI WA YERUSALEMU

Tuvuke bahari sasa twende katika nchi ambayo jina lake watu wa dini zetu zote wanalijua. Tarehe 4 Septemba 1997, yapata majuma matatu baada ya usiku ule wa Likoni, Wapalestina waliojifunga mabomu walijilipua katika barabara ya Ben Yehuda mjini Yerusalemu. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo msichana Smadar, ambaye alikuwa karibu kutimiza miaka 14. Baba yake, Bwana Rami Elhanan, ni Mwisraeli aliyekuwa askari katika ujana wake. Hasira yake ilikuwa kubwa kama ya mzazi yeyote.

Wakati huo kilikuwapo chama kidogo, Parents Circle, yaani duara la wazazi. Kilianzishwa mwaka 1995 na Bwana Yitzhak Frankenthal, ambaye mwanawe Arik, askari kijana, alitekwa na kuuawa na wapiganaji wa Hamas mwaka 1994. Badala ya kudai kisasi, Bwana Frankenthal aliwatafuta wazazi wengine waliofiwa, kwanza Waisraeli, kisha Wapalestina. Bwana Elhanan alialikwa, akaenda kwa shaka. Huko aliwaona Wapalestina waliofiwa wakishuka katika basi, wakampa mkono, wakalia pamoja naye. Tangu siku hiyo hakukiacha chama hicho.

Mwenzake mkubwa ni Bwana Bassam Aramin, Mpalestina aliyefungwa na Waisraeli miaka saba tangu ujana wake. Januari 2007 binti yake Abir, mwenye miaka 10, alipigwa risasi ya mpira na askari wa mpakani wa Israeli karibu na shule yake huko Anata, akafa. Bwana Aramin alikuwa amekwisha kuwa rafiki wa Bwana Elhanan kabla ya msiba huo, na msiba haukuuvunja urafiki wao. Hakukubali kisasi, lakini haki hakuiacha: alikwenda mahakamani mpaka mahakama ya Israeli ikaamua kwamba serikali ndiyo yenye kosa, ikaiamuru ilipe. Na Waisraeli wapatao mia moja waliokuwa askari zamani walikwenda wakajenga bustani ya watoto katika shule ya Abir. Kwa wale walioelewa, hiyo nayo ilikuwa fidia.

Leo chama hicho kina jamaa zaidi ya 600 za pande mbili. Njia yao ya kazi ni rahisi kueleza. Wazazi wawili, mmoja wa kila upande, huingia pamoja darasani mbele ya wanafunzi. Huyu husimulia habari za mwanawe, na yule husimulia habari za mwanawe. Hawabishani ni nani aliyeanza, wala hawapimi ni upande gani umekufa wengi. Kijana anayesikiliza huona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba upande wa pili nako mna baba.

SI KILA MLANGO HUFUNGUKA

Tusimdanganye msomaji. Wazazi hawa wameitwa wasaliti na watu wa pande zao wenyewe. Bi Robi Damelin, ambaye mwanawe David aliuawa na mdunguaji wa Kipalestina Machi 2002, alisema alipopewa habari kwamba asiuawe mtu yeyote kwa jina la mwanawe. Baadaye aliwaandikia barua wazazi wa yule aliyemwua. Alingoja kwa miaka, na jibu lililokuja kutoka kwa muuaji mwenyewe lilikuwa gumu, likitetea tendo lile kuwa ni sehemu ya kupigania uhuru wa watu wake. Bi Damelin hakuacha kazi yake.

Wala chama hicho hakikuzuia vita. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli, na vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya watu katika Gaza. Jamaa za wanachama wamo katika waliokufa. Mtu aweza kuuliza: basi wazazi wale wamefaa nini? Jibu letu ni kwamba mzazi aliyefiwa hana jeshi wala cheo. Alicho nacho ni kimoja: waliobaki hupigana kwa jina la mwanawe, na yeye peke yake ndiye awezaye kuwanyima jina hilo. Akikataa, kisasi hupungukiwa na hoja yake kubwa. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kisasi ni jino la pembe: hujaza nafasi mdomoni, lakini hakitafuni.

YATUPASAYO SISI

Sasa turudi Kwale. Katika habari hizi twaona mambo matano yanayoweza kutusaidia.

La kwanza, aliyefiwa asilazimishwe. Chifu aweza kutoa mahali, imamu na mchungaji waweza kutoa dua, mzee aweza kuwa mjumbe; lakini hakuna awezaye kuamuru msamaha. Anayetaka kubaki na uchungu wake na abaki nao, wala asitukanwe, maana hajatenda kosa.

La pili, anayekwenda aende kusikiliza. Mzazi akisema, "Mwanangu aliitwa fulani," usimjibu kwa kusema, "Na wetu je?" Zamu yako itafika.

La tatu, ukweli utangulie. Kwa mzazi ambaye mwanawe alipotea, ukweli wa kwanza ni mahali alipozikwa. Anayeujua ukweli huo na kuuficha anamwua yule kijana kila siku mbele ya mama yake. Wako watu katika vijiji vyetu wenye siri hizo, nao wanazeeka.

La nne, kupatana kusifanywe kuwa kificho cha wakosaji. Bwana Aramin alimkumbatia baba wa Kiisraeli na pia akaishtaki serikali ya Israeli, wala mambo hayo mawili hayakupingana. Mahakama na zifanye kazi yake, na fidia ya serikali kwa waliopoteza watu na mali isigeuzwe kuwa ahadi ya kila uchaguzi.

La tano, tuanze na jambo dogo la pamoja. Huko Wajir, vita vya koo vilipokuwa vikali mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wachache, akiwamo Bi Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aruhusiwe kuuza na kununua bila kusumbuliwa, nao wakasimamia jambo hilo wenyewe. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, na Septemba 1993 wazee wa koo wakatia sahihi mapatano ya Al-Fatah. Bi Dekha alifariki mwaka 2011, baada ya kupewa tuzo ya kimataifa mwaka 2007. Nasi Kinango tunalo soko, tunazo shule ambamo watoto wa Kiduruma, wa Kidigo, wa Kikamba na wa Kijaluo huketi dawati moja. Hayo ni mabaraza tayari, yangoja kutumiwa.

Yako pia maneno ya kuwaambia wanaotafuta kura. Aliyefiwa si ngoma ya kupigwa jukwaani. Anayewakumbusha watu makaburi yao ili wapate hasira, na hajapata kwenda kwenye makaburi hayo kutoa pole, huyo hana uchungu. Ana haja yake. Mkulima na karani wanaosoma habari hizi wanajua kumtambua, nao wamsaidie kumtambua jirani asiyejua kusoma.

Na kama katika kijiji chako wako wazazi wawili ambao hawajaamkiana tangu siku ile ya msiba, usiwahubirie wala usiwanukulie methali. Mwendee mmoja wao jioni, umwulize mwanawe aliitwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani, na alipenda nini. Msikilize hata amalize, japo usiku uingie. Kisha mwulize, kwa upole, kama angependa yule mzazi wa upande wa pili naye aulizwe vivyo hivyo.